Jina la George
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa kwa idhini ya Halmashauri



Katika mkutano uliopita lilizuka swali ambalo halikupata jibu, nalo ni hili: je, chama chetu, ambacho tangu mwanzo kimekuwa chama cha makarani, kifungue mlango wake kwa matarishi, wafagiaji, madereva na walinzi wa usiku? Wengine walisema ndiyo, wengine wakasema hapana. Waliosema hapana walitoa sababu mbili: kwamba watu hao hawana elimu ya kuendesha mambo ya chama, na kwamba ada zao zitakuwa taabu kukusanywa. Halmashauri ikaona ni afadhali, kabla ya kura kupigwa, tusikilize habari za watu wengine waliopata kukabiliwa na jambo kama hili. Sisi tumechagua habari za Marekani, za watu weusi waliokuwa wakitandika vitanda katika magari ya moshi. Twawaomba mtuvumilie, maana habari ni ndefu, lakini mwisho wake unatuhusu.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miaka miwili baadaye, yaani 1867, tajiri mmoja jina lake George Pullman aliunda kampuni ya mabehewa ya kulala. Mabehewa hayo yalikuwa na mazulia, mapazia na taa nzuri, na vitanda vilivyokunjwa mchana na kukunjuliwa usiku, hata msafiri akaweza kwenda safari ya siku nyingi kana kwamba yumo katika hoteli. Ili kuwahudumia abiria, Pullman aliajiri watu weusi, na wengi katika wale wa kwanza walikuwa wametoka utumwani juzi tu. Aliwataka hao kwa kuwa walikwisha zoezwa kutumika, na kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo. Idadi yao ikazidi kukua, hata kufikia miaka ya 1920 walikuwa zaidi ya 10,000, wala hapakuwa na kampuni nyingine moja katika nchi nzima iliyoajiri watu weusi wengi kama hiyo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mtumishi wa behewa alipokea abiria na mizigo yao, alitandika vitanda, alipanguza vumbi, alileta maji, alitunza wagonjwa na watoto, na usiku watu walipolala alikaa kupiga viatu vyao rangi. Usingizi wake ulikuwa wa saa chache tu, tena wa kuvizia. Ili apate mshahara kamili wa mwezi ilimpasa kutimiza saa 400 za kazi au safari ya maili 11,000. Saa alizotumia kuliandaa behewa kabla ya gari kuondoka hazikuhesabiwa sawasawa. Mwaka 1925 mshahara wa chini ulikuwa dola 67 na senti 50 kwa mwezi, na katika fedha hiyo alilipia chakula chake safarini na hata rangi ya viatu vya abiria. Kilichobaki alikitegemea katika bakshishi. Na mtu aishiye kwa bakshishi hana budi kucheka hata akitukanwa.

Tena palikuwa na jambo la jina. Kila mtumishi, awe mzee au kijana, abiria walimwita George. Zamani za utumwa, mtumwa aliitwa kwa jina la bwana wake; na kwa kuwa bwana wa mabehewa alikuwa George Pullman, basi watumishi wote wakawa George. Pullman alikufa mwaka 1897, lakini desturi haikufa pamoja naye. Na tusidhani kwamba watu hawa wote walikuwa wajinga. Baadhi yao walikuwa wamesoma hata vyuo vikuu, ila kwa rangi yao hawakupata kazi nyingine iliyowafaa. Nyumbani kwao walikuwa wazee wa kanisa na watu wa kuombwa shauri. Waliporudi behewani walikuwa George.

Ndugu wanachama, tulipoisoma habari hii tuliona haya. Katika ofisi moja tuliyopata kufanya kazi palikuwa na mzee aliyechukua mafaili yetu kutoka chumba hata chumba kwa miaka mingi. Sisi makarani, ambao wengi wetu tulikuwa umri wa wanawe, tulimwita "Tarishi", naye aliitika. Alipofariki dunia tulichanga fedha ya sanda, kisha mwenzetu mmoja akaketi kuandika barua ya rambirambi kwa jamaa zake. Akaandika "Marehemu Mzee", na hapo kalamu ikasimama. Akatuuliza, "Jina lake nani, na baba yake nani?" Hapana aliyejua. Ilitubidi kwenda kulitafuta katika daftari ya mishahara. Wale waliomnyang'anya mtumishi wa behewa jina lake walikuwa matajiri wa nchi ya mbali. Aliyemnyang'anya mzee yule jina lake ni sisi.

Turudi Marekani. Mwaka 1910 watu weusi tisa katika kila kumi walikuwa wangali wakikaa majimbo ya Kusini, ambako babu zao walikuwa watumwa. Wengi walilima pamba katika mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na mwisho wa mwaka hesabu ilikuwa ni deni. Sheria za majimbo hayo ziliwatenga katika shule, magari na mahakama, na kwa hila nyingi zikawazuia wasipige kura. Tena mara kwa mara mtu aliuawa na kundi la watu pasipo kuhukumiwa. Vita vya 1914 vilipozuka Ulaya, wahamiaji kutoka huko walipungua sana, na viwanda vya Kaskazini vikahitaji mikono. Ndipo watu weusi wakaanza kuondoka, jamaa kwa jamaa, kwenda Chicago, Detroit, New York na miji mingine. Uhamaji huo, kuanzia miaka ile hata yapata 1970, ulichukua watu kama milioni sita.

Je, mkulima wa Mississippi alipataje kujua kwamba Chicago kuna kazi? Mwaka 1905 Robert S. Abbott alikuwa ameanzisha mjini Chicago gazeti la watu weusi liitwalo Chicago Defender. Katika miji mingi ya Kusini wakubwa walilichukia na kulizuia. Lakini watumishi wa mabehewa walilichukua katika mizigo yao, wakalishusha kwa siri stesheni baada ya stesheni, nalo likasomwa kwa sauti makanisani na katika vinyozi, hata wasiojua kusoma wakapata habari. Watumishi wale waliouona ulimwengu waliwaeleza watu pia mishahara ya Kaskazini, kodi za nyumba, na shule za watoto. Basi matandiko ya kitanda yalikuwa kazi yao kwa kampuni. Kupeleka habari ilikuwa kazi yao kwa jamaa zao. Na matokeo yake yalikuwa makubwa. Miji ikabadilika, muziki na makanisa yakabadilika, na kwa kuwa Kaskazini mtu mweusi aliweza kupiga kura, mwaka 1928 watu wa Chicago walimchagua Oscar De Priest kuwa mjumbe katika Bunge la Marekani, wa kwanza mweusi kutoka Kaskazini.

Sasa tufike kwenye habari ya chama. Watumishi wa mabehewa walijaribu zaidi ya mara moja kuunda chama, na kila mara waliojitokeza walifukuzwa kazi. Ndipo walipotambua kwamba wamhitaji msemaji ambaye kampuni haiwezi kumfukuza. Wakamwendea Bwana A. Philip Randolph, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa Florida mwaka 1889. Yeye hakuwa mtumishi wa behewa hata siku moja. Alikuwa mwandishi wa gazeti, tena fasaha wa maneno. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1925, katika ukumbi mmoja wa Harlem, New York, ulianzishwa Udugu wa Watumishi wa Magari ya Kulala. Huko Chicago, yalikokuwako makao makuu ya kampuni, aliyeshika uongozi ni Milton P. Webster, aliyewahi kuwa mtumishi wa behewa mwenyewe. Randolph alikuwa na kalamu na ulimi; Webster aliwajua watu na taabu zao. Hakuna aliyeweza kufanya kazi ya mwenzake, na chama kiliwahitaji wote wawili. Hili twaomba lishikwe sana na wale wanaosema kwamba asiye na elimu hana la kutuletea.

Kampuni haikukaa kimya. Iliweka wapelelezi, ikawafukuza wanachama waliojulikana, na ilikuwa na chama chake yenyewe cha kuwatuliza watumishi. Hata wakubwa wengi wa watu weusi, wachungaji na wenye magazeti, waliwaonya watumishi wasiiudhi kampuni iliyowapa riziki. Ikawa lazima ada ikusanywe kwa siri, na katika kazi hiyo wanawake walikuwa hodari kuliko wote. Mjini Washington alikuwako Bibi Rosina Tucker, mke wa mtumishi wa behewa. Aliwatembelea watumishi majumbani mwao, akapokea ada na kupeleka habari za chama. Kampuni ilipomgundua ilimwachisha kazi mumewe. Bibi huyo akaenda mwenyewe ofisini kwa msimamizi, akaipiga meza yake kwa mkono, akamwambia kwamba mambo yake yeye hayamhusu mumewe. Na mumewe akarudishwa kazini. Aliishi hata mwaka 1987, akiwa amepita umri wa miaka mia.

Hata hivyo tusidhani kwamba njia ilinyoka. Mwaka 1928 Udugu ulitangaza mgomo, kisha ukaufuta kwa kuona kwamba nguvu haitoshi na kwamba kampuni ilikuwa tayari kuleta watu wengine. Wengi wakavunjika moyo. Mwaka uliofuata biashara ya Marekani ikaanguka, na mtu mwenye kazi akaogopa kuihatarisha. Wanachama waliokuwa maelfu wakapungua, hata mwaka 1933 walikuwa chini ya elfu moja katika nchi nzima. Ofisi ya New York ilikatiwa simu na taa kwa kutolipa. Randolph alitembea na suti iliyochakaa, naye hakuiacha kazi. Twawaomba mkumbuke hao waliobaki, walioendelea kulipa ada katika chama ambacho watu walikwisha kukiita maiti. Hatuyajui majina ya wengi wao. Lakini kama hao wasingalikuwako, yaliyofuata yasingalikuwa.

Mwaka 1934 Bunge lilirekebisha sheria ya kazi za reli, ikawapa watumishi wa mabehewa haki ya kuchagua chama cha kuwasemea. Kura ilipigwa mwaka 1935. Udugu ulipata kura karibu 6,000, na chama kilichopendwa na kampuni kikapata zipatazo 1,400. Mwaka ule ule shirikisho kubwa la vyama vya wafanya kazi, lililokuwa na vyama vingi visivyompokea mtu mweusi hata kidogo, liliupa Udugu hati kamili. Na tarehe 25 Agosti 1937, miaka kumi na miwili kamili tangu usiku ule wa Harlem, kampuni ilitia sahihi mkataba. Mishahara ikaongezwa, na saa za kazi za mwezi zikashushwa kutoka 400 hadi 240. Huo ulikuwa mkataba mkubwa wa kwanza kati ya kampuni kubwa ya Marekani na chama cha watu weusi.

Hapa twafika pale panapotugusa sisi watu wa ofisini. Katika Serikali ya Marekani walikuwako makarani weusi tangu zamani. Lakini mwaka 1913, katika utawala wa Rais Woodrow Wilson, wakubwa wa idara za Hazina na Posta walianza kuwatenga: meza zao zikawekwa mbali, na vyumba vya kulia na vya kunawia vikatengwa. Mwaka 1914 ikaamriwa kwamba aombaye kazi ya Serikali atie picha yake katika maombi, na twafahamu sote picha hiyo ilitakiwa kwa nini. Makarani wa posta za reli waliunda chama chao mwaka 1913 katika mji wa Chattanooga. Nacho kilikuwa cha makarani peke yao, kama hiki chetu. Lakini baada ya miaka kumi, mwaka 1923, walikifungua kwa watumishi wote wa posta bila kuuliza daraja ya kazi, kwa kuwa waliona kwamba ubaguzi haukuuliza daraja.

Basi mwaka 1941 viwanda vya silaha vya Marekani vilikuwa vikiajiri watu kwa maelfu, na mtu mweusi alifukuzwa mlangoni. Randolph alitangaza kwamba tarehe 1 Julai watu weusi 100,000 wataandamana mjini Washington. Aliyewatangazia watu habari hiyo mji kwa mji alikuwa mtumishi wa behewa, na fedha za kuanzia zilitoka katika ada za watandika vitanda. Rais Franklin Roosevelt aliwaita, akawasihi waache. Hawakukubali maneno matupu. Tarehe 25 Juni, siku sita kabla ya maandamano, alitia sahihi Amri nambari 8802, iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya vita na katika kazi za Serikali. Maandamano yakaahirishwa. Angalieni, mabwana: karani mwenye shahada, aliyeketi nyuma ya pazia katika idara ya Serikali, alisemewa na mpiga viatu rangi. Hatusemi kwamba amri ile ilimaliza mambo. Kamati iliyowekwa kuisimamia ilikuwa na nguvu haba, nayo ikafa mwaka 1946. Lakini mlango uliokwisha funguliwa kidogo haufungiki tena kama kwanza. Mwaka 1948 Rais Harry Truman, baada ya kusongwa na Randolph huyo huyo na wenzake, aliamuru ubaguzi ukome katika majeshi.

Mbegu ile iliendelea kuzaa. Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, Alabama, Bibi Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Aliyekwenda kumtoa kwa dhamana alikuwa E. D. Nixon, mtumishi wa behewa na kiongozi wa Udugu katika mji ule, mtu ambaye hakupata shule ila kidogo sana. Ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuwaita viongozi wa mji wakutane, na katika mkutano huo kijana mchungaji Martin Luther King alichaguliwa kuongoza. Watu wakatembea kwa miguu siku 381, hata mahakama kuu ikabatilisha sheria ile. Na tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 walipokusanyika Washington kudai kazi na uhuru, mkuu wa maandamano alikuwa Randolph, mwenye umri wa miaka 74, akiitimiza safari aliyoiahirisha miaka ishirini na miwili nyuma.

Leo mabehewa yale hayapo. Ndege na motokaa ziliwachukua abiria, na kampuni ilikoma kuendesha mabehewa ya kulala mwisho wa mwaka 1968. Mwaka 1978 Udugu uliungana na chama kingine, nacho kilikuwa chama cha makarani wa reli. Randolph alifariki mwaka uliofuata. Kazi ilikwisha, lakini yaliyopatikana kwa kazi hiyo hayakwisha.

Bwana Mwenyekiti, turudi katika swali letu. Kwanza, kuhusu elimu. Wahenga walisema, mdharau mwiba, mguu huota tende. Tumeona kwamba mtu aliyezoea kuingia katika kila chumba, kusikia kila neno na kufika kila stesheni, ana maarifa ambayo karani aliyeketi hana. Tarishi wetu aijua ofisi kuliko sisi. Pili, kuhusu ada. Wale waliolipa Udugu wao walikuwa na mshahara mdogo na hofu kubwa, nao walilipa kwa sababu mtu aliwagongea mlango, akawataja kwa majina, na kuwapa risiti. Ada na iwekwe kwa kadiri ya mshahara wa mtu, ikusanywe kila mwezi pasipo kulimbikizwa, na hesabu isomwe mbele ya wote. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kiwe hakina tundu. Tatu, tusijivune kwamba twawafungulia wenzetu mlango kama sadaka. Siku ikija ambayo haki zetu sisi makarani zitaguswa, huenda wao ndio watakaotusemea.

Kura mtaipiga wenyewe, nasi hatutaki kuwalazimisha. Tunalo ombi moja tu. Mkikubali, daftari mpya ya wanachama ifunguliwe, na safu yake ya kwanza isiwe ya kazi wala ya daraja. Iwe ya jina: jina la mtu, na la baba yake, kama anavyojitaja mwenyewe. Na katibu ayasome majina hayo kwa sauti katika mkutano wa kwanza, ili sote tuyasikie, na kesho ofisini tuyatumie.